Maji ya Mwanza Hayachemki kwa Nyuzi 100

Kazi inayonilisha ni ufundi wa mizani. Ninarekebisha mizani za wachuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, mizani za wanunuzi wa sangara, za maduka ya nafaka, na mara mojamoja zile za zahanati zinazopimia watoto wachanga. Alasiri mbili za kila juma huwa ninafunga karakana mapema, ninanawa mikono kwa ndimu ili harufu ya samaki ipungue, kisha ninapanda daladala kwenda kufundisha fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana iliyo kando ya ziwa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Mimi ni mwalimu wa muda. Ninalipwa kwa kipindi, sina darasa la kusimamia wala zamu ya bwenini, na jina langu limeandikwa kwa kalamu ya risasi katika ratiba ya ofisi ya taaluma, jambo ambalo walimu wenzangu hulitania kila muhula.

Shule ni ya masista, ni ya bweni, na haimpokei kila anayebisha hodi. Watoto hutoka Mwanza yenyewe, Geita, Mara, Kagera, Shinyanga na hata Dar es Salaam, hufanya mtihani wa kujiunga wa hisabati, Kiingereza na sayansi, na wengi wao hukosa nafasi. Wanaoipata huwekewa wastani wa kufikia kila mwaka. Kwa hiyo msichana anayekaa mbele yangu katika Kidato cha Tatu amekwisha kuchujwa na mtihani wa darasa la saba, na usaili wa shule, na upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili, bila kuhesabu majaribio ya kila mwezi. Ni watoto wenye akili kweli, wala sisemi hivyo kwa adabu tu. Ukiwauliza kanuni ya Boyle wataitaja kabla hujamaliza swali, na hesabu za mwendo ambazo zilininyima usingizi nilipokuwa na umri wao, wao huzimaliza huku wakinong'onezana habari za chakula cha jioni. Nilichokuja kukiona polepole ni kwamba watoto hawahawa, walioteuliwa kwa sababu ya majibu sahihi, ndio wanaoiogopa zaidi namba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwaambia mapema.

Niliona hilo waziwazi siku ya kuchemsha maji. Tulikuwa na vipindi viwili vilivyoungana, mada ikiwa ni joto, na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mno: pasha maji moto katika bika, soma themometa kila baada ya dakika moja, andika, chora grafu, eleza kwa nini mstari unalala mwishoni. Nilipopita kati ya meza, maji ya karibu kila kundi yalikuwa yanatokota kwa kelele, mvuke umeshaziba madirisha, na uzi mwekundu ndani ya themometa umesimama kwenye 96 pasipo kutikisika. Madaftari yalikuwa na habari nyingine. Yalisomeka 94, 97, 99, halafu 100, 100, 100. Kundi moja la karibu na dirisha lilikuwa limekwisha kuchora grafu nzuri kabisa, yenye mkunjo laini na vitone vilivyokaa sawasawa, ilhali maji yao yalikuwa bado hayajafika nyuzi 80.

Nilimwuliza kiongozi wa kundi hilo mia moja imetoka wapi. Hakuonyesha hata chembe ya hofu ya mtu aliyekamatwa akidanganya, kwa sababu kwa mtazamo wake hakuwa amedanganya. "Maji huchemka kwa nyuzi mia moja, Madam," alinijibu kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgeni utaratibu wa nyumba. "Themometa zetu ndizo mbovu."

Nililipenda jibu lile, kwa kuwa ni jibu linaloweza kupimwa. Juma lililofuata nilikuja na ndoo ya barafu kutoka Mwaloni, barafu ileile inayotandikwa juu ya sangara ndani ya makasha, na fundi wa maabara akaniambia kwamba chumba chake kitanukia samaki mpaka Pasaka. Tuliosha vipande, tukaviponda, tukavichanganya na maji safi kidogo, na kila kundi likatumbukiza themometa yake humo. Uzi ulishuka hadi sifuri na kutulia. Themometa moja tu ilikataa kushuka chini ya 1, nasi tukaiweka kando. Kwa hiyo zile nyingine zilikuwa zinasema kweli upande wa baridi, na nilikuwa karibu kuendelea na somo pale msichana mmoja wa meza ya nyuma aliponyosha mkono na kusema kwamba kuwa sahihi chini si ushahidi wa kuwa sahihi juu. Alikuwa na haki. Katika karakana yangu mizani iliyo sawa kwa kilo moja ikapotea kwa kilo hamsini ni ugonjwa wa kila siku.

Hapo ndipo fizikia yenyewe ilipoanza. Maji huchemka pale mvuke wake unapokuwa na nguvu ya kutosha kuisukuma hewa iliyoyalalia, na hewa iliyoyalalia maji ya Mwanza ni nyepesi kuliko ile ya Tanga au Dar es Salaam, kwa sababu uso wa Ziwa Victoria upo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Simu yangu ina kihisi cha mgandamizo wa hewa. Niliizungusha darasani, nao wakasoma hektopaskali 886, wakati kitabu kinawaambia 1,013. Zebaki ya bomba la kupimia mgandamizo huo, ambayo kitabuni husimama kwa sentimita 76, hapa kwetu ingesimama kwa takriban 66. Na kwa kuwa kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda, gawanya 1,134 kwa 300, toa jibu katika 100, utapata 96 na nukta kidogo. Darasa lilinyamaza kidogo wakati hesabu ile ikikaa ubaoni. Kisha msichana wa Njombe akasema kwamba kwao maharage huchukua siku nzima, na wa Temeke akamwambia kwamba ni uvivu wa kuchochea kuni, na ubishi ukawa mkubwa hata ikanibidi kugonga meza; lakini safari hii walikuwa wanabishana juu ya kitu walichokiona wenyewe. Njombe, kwa taarifa yenu, ina hewa nyepesi kuliko Mwanza, kwa hiyo maji yake huchemka kwa joto dogo zaidi, na msichana yule hakuwa mvivu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini jambo hili huwa gumu zaidi hapa kuliko karakanani. Kijana ninayefanya naye kazi aliishia darasa la saba, na hawezi kukutajia kanuni hata moja, lakini ukimletea mizani ukamwambia inaiba, hakubali wala hakatai mpaka ameiwekea jiwe la mizani. Mizani haisifiwi wala haitukanwi kabla ya jiwe. Huo ndio utaratibu wa kazi yetu, naye ameuzoea kwa mikono. Wasichana wangu wamezoeshwa kinyume chake. Kila chujio walilopita lilimpa tuzo yule aliyefikia jibu ambalo mtunga mtihani alikuwa nalo tayari mfukoni, na baada ya miaka kumi ya kufanyiwa hivyo, mtoto mwenye akili hujifunza kulitafuta jibu mfukoni mwa mwalimu hata pale ambapo lipo wazi mbele ya macho yake. Asiye na akili sana hawezi kufanya hivyo vizuri. Hao wenye vipaji ndio wanaoweza kuchora grafu ya kitu ambacho hakijatokea.

Wenyewe wanaita kupika data. Ninachowaeleza ni kwamba anayepika hupika hata jibu la mji mwingine. Chukueni jaribio la pendulamu, ambalo kila shule hulifanya ili kutafuta mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, yaani ile g ya vitabuni. Uzi wa mita moja, jiwe dogo, saa ya kupimia sekunde. Mabembeo 20 huchukua sekunde 40 na kidogo. Ukichelewa kubonyeza saa kwa theluthi moja tu ya sekunde, jibu lako linahama kwa karibu 0.15, kwa hiyo kupata 9.65 au 9.9 ni jambo la halali kabisa. Hata hivyo madaftari yote hunijia na 9.81. Sasa 9.81 ni thamani ya London. Dunia imevimba kidogo kwenye ikweta na huko ndiko inakozunguka kwa kasi kubwa, na Mwanza, iliyo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, ina thamani ya 9.78. Ukitaka kuikaribia, hesabu mabembeo 100 badala ya 20, na kosa la kidole chako litapungua hadi karibu 0.03. Inachosha, macho yanauma, na kuna kundi lililopoteza hesabu kwenye sabini na kitu likaanza upya huku likinuna.

Tofauti ya 9.81 na 9.78 inaonekana ni ya kuchezea mpaka mtu alipe kwa ajili yake. Mizani ya kisasa ya umeme haipimi wingi wa samaki; inapima jinsi samaki wanavyoivuta chini, kisha inakisia kilo. Ikiwa imesawazishwa London na kuletwa Mwanza bila kuwekewa mawe upya, kila tani ya dagaa itasomeka pungufu kwa kilo tatu na zaidi. Hakuna aliyeiba, na bado mvuvi amepunjwa. Mizani ya zamani ya mikono miwili, yenye mawe upande mmoja na mzigo upande wa pili, haina tatizo hilo, maana dunia inavivuta vyote viwili kwa kiasi kilekile. Niliwapelekea aina zote mbili darasani, na sidhani kama nimewahi kufundisha tofauti ya tungamo na uzito kwa maneno machache kuliko siku ile.

Huwezi kufundisha mambo haya Tanzania bila kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ndani ya friza ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya ule uliopozwa. Alicheka naye nani? Karibu kila mtu alimcheka yeye. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Profesa Denis Osborne aliyekuja si kutoa mhadhara tu bali pia kusikiliza maswali, na Osborne akarudi Dar es Salaam akafanya jaribio. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wasichana huipenda hadithi hii, ila mimi siiishii hapo. Ninawaambia pia kwamba mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na kwamba wengine hawajakubaliana nao. "Kwa hiyo Mpemba alikosea?" waliniuliza kwa uchungu, kama vile nimemsema vibaya mjomba wao. Mpemba aliandika alichokiona na akauliza. Kama friza nyingine zinaonyesha vingine, hilo ni swali jipya, na limewapa watu wazima kazi ya zaidi ya miaka hamsini.

Niliwahi kuwasimulia pia habari za Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge ambaye mwaka 1967 aliona alama ndogo isiyotakiwa katika karatasi ndefu za kinasa mawimbi ya redio kutoka angani, akakataa kuipuuza, na alama ile ikawa ni nyota ya aina ambayo hakuna aliyekuwa ameijua. Waliposikia kwamba tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 alipewa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle, somo la mawimbi likafia hapo. Kipindi kizima kiliisha kwa kesi ya Cambridge.

Mada ninayoifundisha kwa sauti tofauti ni ile ya ulinganifu na kitovu cha uzito. Vitabu hutumia picha ya basi linaloinama. Sisi tuna ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Wengi wamezikwa Igoma. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa katika orodha, wale wa daraja la tatu hawakuandikwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, na waliokufa ni zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kila darasa huwa na mtoto mwenye ndugu katika mojawapo ya vyombo hivyo, kwa hiyo sichori vikaragosi. Ninaeleza jinsi mzigo unaporundikwa juu kitovu cha uzito kinavyopanda, na jinsi umati unapohamia upande mmoja chombo kinavyopoteza uwezo wa kujirudisha. Na ninawaeleza kwamba karatasi ya bandarini inayoonyesha idadi inayotakiwa badala ya idadi iliyopanda ni grafu iliyochorwa kabla ya maji kuchemka. Hapo huwa sihitaji kusema zaidi kuhusu kupika data.

Utaratibu wangu wa kusahihisha umeniletea maneno. Daftari la maabara huandikwa kwa kalamu ya wino, kufuta hakuruhusiwi, namba isiyofaa hukatwa kwa mstari mmoja ili bado isomeke, na alama nyingi ziko kwenye maelezo ya kwa nini namba imetoka hivyo. Msichana aliyepata 9.6 akaeleza vizuri hushinda aliyepata 9.81 asiyejua kaitoa wapi. Wastani wa darasa ulishuka. Siku ya wazazi alikuja baba mmoja, mfanyabiashara wa samaki, tukaamkiana, naye akaniwekea ripoti mezani.

"Mwalimu, huyu binti alikuwa anapata tisini. Kaja kwako, sabini na nne. Tatizo ni la mtoto au ni la mwalimu?"

Nilimwuliza kama angenunua sangara kwa mtu anayeandika kilo kabla ya kuweka samaki kwenye mizani.

"Hao ninawajua kwa majina," alisema, akacheka mpaka binti yake akainamisha uso. Hata hivyo aliondoka akisisitiza kwamba angependa ile tisini irudi, na simlaumu, kwa kuwa ada anayolipa si ndogo. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, lakini wazazi wetu hujipangia orodha zao wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp, na mkuu wa shule huzisoma zote.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa mwenzangu wa kudumu, anayefundisha fizikia madarasa yaliyobaki. Yeye ana vipindi vingi kuliko saa za mchana, ana silabasi ya kumaliza kabla ya mitihani ya majaribio, na ndiye atakayeitwa ofisini kama daraja la kwanza litapungua. Hawezi kutumia wiki mbili kwa maji ya kuchemka. Mimi ninaweza, kwa sababu hakuna anayenidai wastani. Jioni ninarudi kwenye mizani zangu. Baadhi ya ujasiri wangu ni wa mtu asiye na cha kupoteza, na ingekuwa vibaya kuufanya kuwa fimbo ya kumchapia mtu anayebeba shule mgongoni. Ambacho tumeweza ni kugawana: yeye anasukuma nadharia, mimi ninachukua maabara ya Kidato cha Tatu yote, na mwaka huu ameniomba ile ndoo ya barafu kwa ajili ya madarasa yake.

Swali ambalo sikulitarajia liliulizwa na yuleyule kiongozi wa kundi la dirishani. Katika mtihani wa taifa, akaniuliza, aandike 96 au 100? Nilimjibu kwamba swali likisema mgandamizo wa kawaida wa hewa, jibu ni 100; na katika mtihani wa vitendo aandike anachokisoma, kisha aongeze sentensi moja ya kueleza kimo cha mahali alipo.

"Na msahihishaji akiwa ametokea Dar, Madam?"

"Basi hiyo sentensi iandike kwa herufi kubwa."

Sasa tunajiandaa kwa muhula ujao. Mchana huku kwetu upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na usiku hugeuka, kwa sababu kilo moja ya maji inahitaji jouli zipatazo 4,200 ili kupanda nyuzi moja, wakati kilo moja ya mawe ya granaiti yaliyojaa Mwanza hutosheka na takriban 800. Tutapima joto la jiwe kubwa lililo nyuma ya bweni na la maji ya kando ya gati, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Sista mkuu amekubali kwa masharti: themometa ya ziwani ishushwe kwa kamba, asiwepo mtoto atakayetia mguu majini kwa ajili ya kichocho, matroni awepo, na wote wawe wamerudi kabla ya misa. Kidato cha Tatu B wanasema kwamba alfajiri jiwe litakuwa la baridi kuliko maji. Kidato cha Tatu A wanakataa katakata, wakidai kwamba jiwe lenye ukubwa ule haliwezi kumaliza joto la jana kwa usiku mmoja. Wamenifuata mara kadhaa niwape jibu, na wamemtuma hata fundi wa maabara anichunguze kwa ujanja. Nimekataa kuwaambia ninachodhani.